Rangi ya Buluu Kwenye Pafu la Fundi

Kazi yangu ni kukata. Niko maabara ya patholojia ya hospitali moja hapa Dar es Salaam, mwaka wa 11 huu. Kinyama kikitoka chumba cha upasuaji kinatufikia kikiwa ndani ya fomalini, dawa inayozuia kisioze. Tunakiondoa maji kwa spiriti, tunakizamisha kwenye nta ya moto mpaka inakolea, na ikipoa kinakuwa kibonge kidogo kinachoenea kiganjani. Kibonge nakifunga kwenye mashine, nazungusha mkono wake taratibu, na kila mzunguko kisu kinatoa utando wa mikromita 4. Unywele wa mtu ni mnene kuliko huo zaidi ya mara kumi. Tando zinatoka zimeshikana kama utepe. Nazishusha kwa brashi juu ya beseni la maji vuguvugu, mikunjo inajinyoosha yenyewe, kisha nazivua kwa kioo moja moja.

Mkono wangu haukuwahi kutetemeka kwenye mashine hiyo mpaka asubuhi niliyofunga kibonge cha Baba Mdogo.

Alikuwa fundi wa kuchomelea. Alianzia mtaa wa Gerezani mwishoni mwa miaka ya 1980, kijana wa kubeba vyuma na kushikilia upande wa pili wakati fundi mkubwa anachoma. Baadaye akahamia Tabata, akanunua kontena kuukuu, akalikata mlango mpana upande mmoja, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwisho. Mageti, magrili ya madirisha, vitanda vya bweni, ngazi za nje. Watu wenye ghorofa walipoanza kupenda reli za ngazi zinazong'aa, akahamia kwenye chuma kisichoshika kutu, ile mafundi wanaiita stenilesi. Inalipa na ina heshima yake. "Stenilesi haifichi," alikuwa akisema. "Ukiichoma ovyo inakusema mbele ya tajiri."

Kikohozi kilipoanza alitibiwa kifua kikuu kwa miezi mitano, mahali ambapo sina haja ya kupataja. Makohozi hayakuwahi kuonyesha vijidudu. Alikuwa anakohoa, amekonda, anaishi Dar, basi. Alipopigwa picha ya maana, uvimbe ulikuwa umeshakaa kwenye mgawanyiko wa njia ya hewa upande wa kulia. Wakaingiza mrija, wakachukua kinyama, kikaja kwetu.

Fomu iliyokuja na kile kinyama ninaikumbuka kuliko kinyama chenyewe. Jina, umri, jinsia, mahali kilipotolewa. Halafu mstari wa kazi, na mtu alikuwa ameandika kwa haraka: mjasiriamali.

Miaka zaidi ya 30 ya moshi, kwa neno moja ambalo lingemfaa muuza vocha, mpika chapati na mwenye duka la vitenge. Chini yake, kwenye historia fupi, waliongeza kwamba aliwahi kuvuta sigara. Ni kweli. Alivuta ujanani, akaacha mtoto wake wa pili alipozaliwa. Kwa faili lile, swali la chanzo lilikuwa limeshajibiwa.

Mafundi wa kuchomelea wanajua kitu kimoja kuhusu moshi, na wanakijua kwa miili yao. Ukichoma bomba lililopakwa zinki, unapanda moshi mweupe kama unga uliopeperushwa. Mchana huoni kitu. Jioni inaanza baridi, viungo vinauma, mdomoni kuna ladha ya sarafu. Usiku unatoka jasho, na kesho au keshokutwa unaamka mzima kabisa. Baba Mdogo aliiita malaria ya bomba. Mama Mdogo alijua siku za mabomba, akawa anaweka pakiti ya maziwa kwenye maji ya baridi kabla mumewe hajarudi, kwa sababu kila fundi jijini ataapa kwamba maziwa yanakata sumu.

Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi umekwenda mapafuni. Ile homa ingeondoka hata kwa maji ya dafu, hata bila kitu, maana mvuke wa zinki unauchokoza mwili kwa saa chache kisha mwili unatulia. Lakini kile kinachoonekana kama ujuzi kimewaponza watu. Homa ya zinki imewafundisha mafundi kwamba sumu ya moshi inajitangaza, na kwamba ikishapita usiku imeondoka. Metali inayopiga kelele ndiyo inayosamehe. Zile mbili zilizokuwa ndani ya reli zake za kung'aa hazina homa wala ladha, na wala hazimfanyi mtu atake maziwa.

Stenilesi ya kawaida, ile ya namba 304, ina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8. Ikiwa sinki au kijiko haina neno. Kromiamu hiyo ndiyo inayotandaza ngozi nyembamba juu ya chuma, kutu isiingie. Shida ni moto. Kwenye joto la kuchomelea sehemu ya kromiamu inapanda kama mvuke, inakutana na oksijeni, na inageuka kuwa ile ambayo wanakemia wanaiita kromiamu sita. Rodi za kawaida, zenye ganda la dawa juu yake, ndizo zinazoitoa kwa wingi zaidi, kwa sababu potasiamu na sodiamu zilizomo kwenye ganda zinaisaidia ibaki hivyo ndani ya moshi. Kuchoma kwa gesi ya agoni kunatoa kidogo. Baba Mdogo alipata mashine ya agoni miaka yake minne ya mwisho. Kabla ya hapo, rodi, ndani ya kontena, kichwa kimeinama juu ya mwali.

Naomba msomaji avumilie kidogo hapa, maana kinachofuata ndicho kilichoninyima usingizi.

Seli haijaachwa wazi. Imezungukwa na utando, na kwenye utando kuna milango, kila mlango na mgeni wake. Kuna mlango wa salfeti na mlango wa fosfeti, vitu ambavyo seli inavihitaji kila siku. Kromiamu sita ikifika kwenye majimaji ya mapafu inakuwa kromati, na kromati kwa umbo na chaji imefanana mno na salfeti. Mlango unafunguka, kama mlinzi wa geti anayeona sare ya kampuni na hamtazami mtu usoni.

Ikishaingia, seli inafanya kitu cha busara. Vitamini C na kinga nyingine iitwayo glutathioni zinaikabili na kuipoza kwa kuipa elektroni. Kromiamu sita inashuka kuwa tano, nne, hadi tatu. Kromiamu tatu ikiwa nje ya seli haina ubaya mwingi, kwa sababu seli haiikaribishi. Lakini hii tayari iko ndani, na sasa haina tena sura ya salfeti, kwa hiyo mlango ulioiingiza hauwezi kuitoa. Imebaki mle. Na kwa kuwa kila inayoingia inageuzwa papo hapo, kromati haipati nafasi ya kujaa ndani kiasi cha kulingana na nje. Nje ipo, ndani ni kama haipo, basi inazidi kuvutwa. Hivyo seli inakusanya kromiamu kupita kiasi kilichoizunguka. Ulinzi wa mwili wenyewe ndio unaofunga kufuli.

Kromiamu iliyofungiwa inashikana na vinasaba. Inajipachika kwenye uti wa DNA, na seli inapokuja kunakili maandishi yake ili igawanyike, inajikwaa hapo. Uzi unakatika, unaungwa vibaya, unakatika tena. Seli nyingi zinakufa, na hiyo ni heri. Hatari ni ile inayoendelea kuishi na makosa yake.

Nikeli inaingia kwa njia nyingine. Ile isiyoyeyuka kwenye maji inafika ikiwa chembe, na seli inaimeza nzima, kama inavyomeza vumbi. Chembe inawekwa kwenye kifuko chenye asidi kiitwacho lisosomu, mahali pa kusagia takataka. Asidi inaiyeyusha polepole, na ioni za nikeli zinatoka kidogo kidogo, karibu kabisa na kiini cha seli. Zikitoka zinakalia nafasi ya chuma kwenye vimeng'enya vinavyopima oksijeni. Kipimo kikiharibika seli inaamini imekosa hewa hata kama hewa ipo, na inawasha mpango wa dharura: ita mishipa mipya ya damu, badili namna ya kuunguza sukari, usife. Mpango huo ndio ambao uvimbe wa saratani unauishi. Nikeli hailazimiki hata kuharibu herufi za vinasaba. Inaweza kuzizima jeni za ulinzi zikiwa nzima zisisomeke.

Haya hayakugunduliwa jana. Kule Clydach, Wales, mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa imeshaonekana kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha nikeli wanapata saratani za pua na mapafu kupita kawaida. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile lililoko Lyon, Ufaransa, chini ya WHO, liliziweka kromiamu sita na misombo ya nikeli kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, mwaka 1990. Moshi wa kuchomelea wenyewe, wa chuma chochote, wakauweka kundi hilohilo baada ya kikao cha 2017. Baba Mdogo mwaka huo alikuwa na tenda ya reli za jengo la ghorofa sita, na alikuwa na furaha sana.

Nilikuwa namsindikiza hospitali ya saratani ya Ocean Road kwenye mionzi. Anayepajua pale anajua yale majengo ya zamani ya Wajerumani, bahari mbele, na upepo ambao siku za kusi unakuja na harufu ya mwani. Tulikuwa tunakaa nje kusubiri zamu yake. Siku moja, baada ya shikamoo na marahaba na maswali ya mama yangu anaendeleaje, alikaa kimya kitambo, halafu akauliza:

"Mama, si wewe ndiye unayekata?"

"Ndiyo, Baba."

"Kuna chuma mle?"

Sikumwelewa mara moja. Akajigusa kifuani. "Humu. Nimevuta chuma maisha yangu yote. Lazima kipo. Hebu niangalizie, halafu uniambie ukweli, usiniambie maneno ya hospitali."

Nikamwambia daktari bingwa wetu wa patholojia ombi la mgonjwa. Alinitazama kitambo, akaniandikia nipake rangi ya Perls.

Rangi tunayopaka kila siku ni mbili, zambarau kwa viini na waridi kwa kinachobaki. Hiyo zambarau haishiki kwenye seli bila msaada wa shabu, hiihii ambayo bibi zetu walitumia kutulizia maji ya mtungi. Ni alumini iliyomo kwenye shabu inayoifunga rangi kwenye kiini. Ila rangi hizo hazikuambii lolote kuhusu metali alizovuta mtu. Rangi ya Perls ina umri mkubwa, ilielezwa na Mjerumani Max Perls mwaka 1867, na inafanya jambo moja tu: palipo na chuma panakuwa buluu.

Nilikata tando mbili. Ya kwanza ilichanika kwenye maji. Ya pili niliipaka dawa, nikasubiri, nikasuuza, nikaifunika, nikaipeleka chini ya darubini kabla ya kumpa daktari.

Uvimbe ulikuwa waridi iliyopauka, seli zake zimebanana bila mpangilio, viini vikubwa vya sura zisizolingana. Lakini pembeni yake, kwenye ukingo mwembamba wa nyama iliyokuwa bado ya kawaida, kulikuwa na seli za usafi, zile zinazozunguka kwenye pafu zikimeza uchafu. Zimejaa buluu. Zimejaa mpaka viini vyao havionekani. Punje baada ya punje, buluu ya kanga mpya. Nikageuza lenzi kubwa zaidi. Kila punje ilikuwa geti la mtu. Nilihesabu nikaacha.

Madaktari wa Uingereza waliyaeleza mapafu ya wachomeleaji ya namna hiyo mwaka 1936. Chuma chenyewe, kikikaa hivyo, hakidhaniwi kuwa na madhara makubwa. Ni alama. Kinasema moshi ulipita hapa, kwa wingi, kwa miaka. Kromiamu na nikeli zilizopita kwenye moshi huohuo hazina rangi ya kuzionyesha chini ya darubini yangu. Ninachokiona si kilichonitia hofu, na kilichonitia hofu sikioni.

Ipo mashine inayoweza kuviona. Unayeyusha kinyama kwenye tindikali ya naitriki, unakipuliza kwenye mwali wa agoni iliyochomwa kwa umeme mpaka nyuzi 6,000 na kupita, kila kitu kinavunjika kuwa atomi, halafu mashine inazihesabu kwa uzito wake. Gesi ni ileile ya mtungi wa fundi. Nilipolijua hilo nilitamani kumpelekea kibonge chake mtu mwenye mashine hiyo siku hiyohiyo. Kisha nikakitazama kisu changu. Kisu cha mashine yangu ni cha chuma kisichoshika kutu. Kina kromiamu. Mkasi uliotangulia una kromiamu. Anayetaka kuhesabu atomi za kromiamu kwenye uvimbe inabidi aamue kabla ya upasuaji, aandae visu vya kauri au vya titani na vyombo vya plastiki vilivyooshwa kwa tindikali. Kibonge cha Baba Mdogo kilikuwa kimeshaguswa na kisu changu tangu siku ya kwanza. Ushahidi wake niliuchafua mimi mwenyewe, nikifanya kazi yangu ipasavyo.

Hata tungepima, jibu lisingekuwa rahisi, na hili nalisema kwa sababu mitandaoni nimeona watu wakikimbilia kusema kwamba uvimbe hulundika metali, basi. Ukikuta metali kwenye uvimbe, je, ndiyo iliyouanzisha, au uvimbe ndio ulioivuta? Seli ya saratani ina njaa. Inaongeza milango ya chuma kwa sababu inataka kugawanyika haraka. Kadimiamu, metali nyingine ya kundi la kwanza, inapenyea milango iliyowekwa kwa ajili ya zinki, chuma na manganizi, na seli yenye protini nyingi ya kuifunga itaishikilia kama sumaku. Protini hiyo, metalothionini, ilipatikana mwaka 1957 kwenye figo za farasi, na katika saratani kadhaa huonekana imeongezeka. Kwa hiyo uvimbe unaweza kuokota metali ambayo haikuwa na hatia ya kuuanzisha. Tezi dume inaenda kinyume kabisa: ikiwa nzima ina zinki nyingi kuliko karibu kila kiungo laini mwilini, na ikishapata saratani zinki hiyo inashuka. Tukiishia kusema "uvimbe hulundika metali" tumesema nusu.

Na kuna upande wa pili ambao haukumbukwi. Seli ikigawanyika, inagawa na kilichomo. Kromiamu iliyovunja vinasaba vya seli moja miaka 20 iliyopita imegawanywa kwa mbili, kwa nne, kwa mamilioni. Uvimbe unapofika kwangu huenda haina hata dalili. Kutoikuta hakuisafishi. Watafiti wa Japani waliochunguza mapafu ya wafanyakazi wa viwanda vya kromati waliona inavyolundikana kwenye njia panda za mirija ya hewa, pale mrija mmoja unapogawanyika kuwa miwili na moshi unagonga ukuta kabla ya kukata kona. Uvimbe wa Baba Mdogo ulikuwa kwenye njia panda. Huo si uthibitisho. Sigara nayo hugonga hapohapo, na moshi wa sigara una kadimiamu, aseniki na nikeli zake. Lakini mtu akiniambia alivuta sigara kwa hiyo tuache, nitamuuliza kwa nini pafu lisiweze kuumizwa na mioshi miwili.

Majirani wanaojua kazi yangu huniuliza zaidi kuhusu mchicha. Mboga za bonde la Msimbazi zilipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha risasi na kadimiamu kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya Msimbazi na mto Sinza. Kadimiamu ikishafika kwenye figo hupungua hadi nusu baada ya miaka 10 hadi 30, kwa hiyo swali lao ni la haki. Mimi nanunua mboga kwa mama ambaye najua anamwagilia maji ya kisima, nimeishia hapo. Ila nawaambia kwamba mtu anayevuta moshi wa rodi ndani ya kontena kutwa nzima hastahili kusubiri foleni nyuma ya mchicha.

Nilirudi kwa Baba Mdogo na picha niliyopiga kwa simu kupitia lenzi ya darubini. Tulikuwa kwake, sebuleni, feni inazunguka. Nilimweleza yote, pamoja na yale nisiyoweza kuyathibitisha. Alishika simu mbali kidogo na macho, kama anavyokagua pembe ya geti.

"Hii buluu ndiyo chuma?"

"Ndiyo."

"Na ile mbaya haionekani."

"Haionekani kwa rangi hii."

Alitikisa kichwa. Hakukasirika. Akauliza kama kuna fidia. Nikamweleza kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule wa sheria ya 2008, kwamba anayeuchangia ni mwajiri. "Mwajiri wangu nilikuwa mimi," akasema. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea, kuhusu Dogo, kijana aliyekuwa akifanya naye kazi: "Na Dogo, je? Tangu niugue yeye ndiye anayechoma, mlemle ndani."

Akaniambia niende na ile picha. "Mwambie imetoka kwangu. Asidhani ni semina."

Alifariki masika yalipoanza. Tulimzika Segerea, udongo ukiwa mzito wa mvua.

Kuhusu fomu nimefanya kinachowezekana kwa mtu wa cheo changu. Siku hizi kinyama cha pafu, cha pua au cha kibofu kikija na mstari wa kazi ambao ni mtupu, au umeandikwa mjasiriamali, napiga simu wodini. Nauliza: anafanya nini hasa, tangu lini, na kabla ya hapo alifanya nini? Wengine wanakereka. Muuguzi mmoja aliniuliza itabadilisha nini kwenye matibabu. Mara nyingi, kwa mgonjwa huyo, haitabadilisha kitu. Lakini saratani hizi huchukua miongo kabla ya kujitokeza, na wakati uvimbe unakatwa na mimi, aliyekaa upande wa pili wa lile bomba akiwa kijana wa kushikilia bado yuko kazini. Mashine ya kuhesabu atomi ni ghali na inataka visu vya kauri. Kuuliza "unachoma nini?" kunachukua nusu dakika. Majibu mengine sasa ninayo kwenye daftari: mchomeleaji, Mabibo, miaka 18; mpiga rangi magari; kijana aliyekuwa akikata betri za gari kuuza risasi. Daktari wetu ameanza kuyaandika kwenye ripoti.

Baada ya arobaini nilikwenda Tabata. Dogo si dogo tena, ana watoto wawili, ila jina limebaki. Alikuwa ndani ya kontena anaunga reli ya ngazi, rodi mkononi, moshi umetanda chini ya bati kama ukungu. Aliponiona alizima mashine, akasogeza kinyago juu ya paji la uso, tukapeana pole za msiba. Pakiti ya maziwa ilikuwa juu ya kiti.

Nikampa simu. Aliitazama ile picha muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto na kulia.

"Hii ya Mzee?"

"Ya Mzee. Amesema nikuletee mwenyewe."

Nilimweleza kuhusu rodi na agoni, kuhusu zinki inayopiga kelele na ile isiyosema. Nikamwambia barakoa ya kitambaa haizuii moshi huu, kwamba ipo ya kichujio inayouzwa madukani, na kwamba hata kabla ya kuinunua asiweke kichwa juu ya mwali, na achome nje, upepo ukitokea ubavuni mwake uusukume moshi mbali na uso. Alinisikiliza bila kunikatiza. Aliuliza swali moja, kama kusaga kwa grenda ndani ya kontena nako kunahesabika. Nikamwambia vumbi lake nalo linaingia kifuani.

Alinirudishia simu. Akamwita kijana aliyekuwa anapiga msasa nyuma, wakashika ile meza ya chuma huku na huku, nzito, wakaiburuza mpaka nje chini ya mkungu, miguu yake ikichora mistari miwili kwenye mchanga. Dogo alilamba kidole akakiinua juu, akapima upepo. Wakaigeuza meza mara mbili. Kisha akavuta waya wa mashine, ukaishia hatua tatu kabla ya kufika, akamtuma kijana akanunue mwingine.